Fungua Programu ya Pili Kabla Hujaiamini ya Kwanza

Watu wengi wanaoniomba ushauri kuhusu mitandao iliyogatuliwa huanza na sifa ileile: "Huu hauna mwenyewe, hakuna wa kunifungia." Nami huwauliza: hicho unachokipenda ndani yake kiko kwenye itifaki, yaani kanuni za pamoja ambazo programu tofauti hufuata ili kuwasiliana, au ni cha programu uliyoizoea? Hapo ndipo mazungumzo hunoga.

Chukua barua pepe. SMTP, itifaki ya mwaka 1982, kazi yake ni kutoa ujumbe seva moja na kuufikisha nyingine, basi. Kichujio cha taka, lebo za rangi na kisanduku cha kutafutia vyote vimeongezwa na watengeneza programu. Hata kile kitufe cha kutengua barua uliyokwisha kutuma: programu huishikilia tu kwa sekunde chache kabla ya kuitoa. Ikishatoka, SMTP haina amri ya kuirudisha.

Mitandao ya kijamii inachanganya zaidi. Nilipohamisha akaunti yangu ya Mastodon, mtandao wa kijamii wenye seva nyingi zinazojitegemea, kutoka seva moja kwenda nyingine, wafuasi walinifuata, machapisho yakabaki kule kule. Seva ya zamani hutuma taarifa ya kuhama kwa kutumia ActivityPub, itifaki ya Mastodon, na seva za wafuasi zikiielewa zinakufuata zenyewe. Machapisho hayana utaratibu wa namna hiyo. Na kikomo cha herufi 500? Ni cha Mastodon. Programu nyingine zinazotumia itifaki hiyohiyo huruhusu maandishi marefu kuliko hayo, na mnasomana bila shida. Bluesky, mtandao mwingine wa kijamii, nayo ina mpaka wake: machapisho na orodha ya unaowafuata vimo kwenye itifaki yake, AT Protocol, lakini ujumbe wa faragha ulioanzishwa mwaka 2024 ulijengwa nje ya itifaki, kwenye huduma ya kampuni yenyewe. Skrini haikuonyeshi mpaka huo, kila kitu kina sura moja.

Ila kinachonikosesha usingizi ni tabaka la katikati, lile ambalo si itifaki wala si programu moja. Nitakupa mfano wa maneno 12 au 24 ya kurejesha pochi ya bitcoin, yaani programu ya kutunzia na kutumia sarafu hiyo ya kidijitali. Wengi huamini kwamba mtandao wa bitcoin unayajua. Hauyajui kabisa. Unachojua ni funguo na sahihi za kidijitali zinazothibitisha malipo. Maneno hayo yalitokana na pendekezo liitwalo BIP39, la mwaka 2013, na ni mapatano ya watengeneza pochi tu. Asiyetaka kuyafuata hafuati. Pochi ya Electrum, kwa mfano, ina mfumo wake wa maneno.

Rafiki yangu mmoja alinijia roho mkononi. Pochi yake ya zamani ilikuwa imeacha kuhudumiwa, akaingiza maneno yake kwenye mpya, salio likasoma sifuri. Nikamwomba anitajie anwani mojawapo aliyowahi kupokelea pesa. Ilianza na 1. Pochi mpya ilikuwa ikitafuta zinazoanza na bc1. Maneno ni yaleyale, lakini njia ya kuzalisha anwani ni tofauti. Tulipobadilisha njia kwenye mipangilio, kutoka ile yenye namba 84 (ya anwani za bc1) kwenda yenye 44 (ya anwani za 1), salio likatokea lote. Sarafu hazikuwa zimeenda popote, pochi ndiyo ilikuwa ikichungulia kwingine.

Ukijaribu kujipa bitcoin zaidi ya zinazoruhusiwa, kila nodi, yaani kompyuta inayokagua kanuni za mtandao, itaikataa bloku yako ya miamala. Pochi ikipuuza BIP39, hakuna nodi itakayoinua hata nyusi.

Julai 2021 Uniswap Labs, kampuni yenye tovuti ya kubadilishana sarafu za kidijitali, iliondoa baadhi ya sarafu hizo, yaani tokeni, kwenye tovuti yake. Mikataba, yaani programu zinazofanya mabadilishano hayo ndani ya mtandao wa Ethereum, haikuguswa, na mwenye njia nyingine ya kuifikia aliendelea kuuza na kununua. Wapo waliosema hakuna kilichotokea. Mimi sikubaliani nao: kwa mtu aliyejua tovuti ile peke yake, tokeni zilikuwa zimeondoka.

Kwa hiyo, kabla hujarundika vitu vyako mahali, tafuta programu ya pili iliyotengenezwa na watu wengine, ingia kwa akaunti ileile, uangalie nini hakipo. Kisichoonekana kwenye ya pili, kihesabu ni cha programu, na ukihitaji kitunzie nakala pengine. Si lazima ukikimbie. Mimi nalipia programu ya barua pepe kwa sababu tu inatafuta vizuri. Kwa upande wa pochi, jaribio hili lifanye na pochi mpya yenye kiasi kidogo usichokihofia. Maneno ya pochi yenye pesa zako usiyaandike kwenye programu usiyoijua, hata kwa dakika moja. Na pale ulipoyahifadhi maneno hayo, ongeza mstari mmoja chini yake: jina la pochi iliyoyazalisha, na njia inayotumia.