Maswali na majibu: Klauni hana shida, kazi iko kwa anemoni

Maswali mengi safari hii yanahusu samaki klauni na anemoni, yule mnyama wa baharini anayeonekana kama ua, ambaye klauni hujificha katikati ya minyiri yake. Nimechukua yale yanayojirudia.

Nina tangi la lita 60, nimelijaza maji ya chumvi wiki mbili zilizopita. Naweza kuwatia klauni wawili na anemoni siku moja?

Hapana, hata kama muuzaji amekuambia inawezekana. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria ndio wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati ambayo ukali wake ni mdogo, na bakteria hao huchukua wiki kadhaa kuongezeka. Pima maji. Amonia na nitriti zikisoma sifuri kwa siku mfululizo, watie klauni, ambao ni samaki wavumilivu. Anemoni mwache kwanza. Mpe tangi miezi sita, na ukiweza kungoja mwaka ni bora zaidi, kwa sababu tangi changa hubadilika-badilika: leo chumvi imepanda, kesho joto limeshuka. Samaki hustahimili hayo, lakini anemoni hunywea na kufa.

Halafu lita 60 ni chache mno kwake. Mimi nisingeanza na chini ya lita 150. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi, na chumvi takriban gramu 35 kwa kila kilo ya maji, ambayo kwenye haidromita, kifaa cha kupimia ukali wa chumvi, husoma kama 1.025. Maji yakipungua kwa kukauka, jazia maji safi yasiyo na chumvi. Kinachoruka hewani ni maji tu, chumvi yote hubaki ndani. Anayejazia maji ya chumvi kila siku anaifanya bahari yake izidi kuwa kali bila kujua.

Anemoni wangu ana mwezi sasa, mzima kabisa, lakini klauni hawamkaribii. Wanalala pembeni ya hita. Nimekosea wapi?

Huenda hujakosea popote. Ila kwanza mtazame huyo anemoni ni wa aina gani. Spishi za klauni ni kama 30, lakini anemoni wanaowapokea ni spishi kumi hivi tu. Condylactis gigantea, kwa mfano, huuzwa sana, naye anatoka bahari ya Karibi ambako hakuna klauni hata mmoja. Ukimnunua huyo, usishangae samaki wakimpita tu.

Klauni anayefugwa zaidi, Amphiprion ocellaris, huko baharini huishi na anemoni wakubwa kama Heteractis magnifica na Stichodactyla gigantea. Hao ni wagumu kuwafuga, tena Stichodactyla hula samaki wengine wanaozembea. Kwa nyumbani nampendekeza Entacmaea quadricolor, yule ambaye ncha za minyiri yake mara nyingi huvimba zikawa za mviringo. Si mwenzi wa asili wa ocellaris, lakini ndani ya tangi wengi wao humkubali.

Kumbuka pia kwamba klauni wengi wanaouzwa wamezaliwa kwenye matangi na hawajawahi kumwona anemoni. Akianza kumzoea utamjua: anamgusa kwa mkia, anaruka nyuma, anarudi na kumgusa kwa tumbo, anaondoka tena. Mchezo huo unaweza kuchukua saa chache au siku kadhaa, na ute wa ngozi yake ndio unaomkinga asichomwe. Wengine hawaanzi kamwe, na hawapungukiwi kitu, maana ndani ya tangi hakuna adui wa kumkimbia. Usimsukume kwa wavu.

Anemoni wangu anatembea! Jana alikuwa kwenye jiwe, leo yuko kwenye kioo karibu na pampu. Nimrudishe?

Usimrudishe, ila zima pampu sasa hivi na uifunike. Pampu huua anemoni wengi nyumbani: minyiri hunyonywa, mnyama hukatwakatwa, na mabaki yake huchafua maji usiku mmoja kiasi cha kuua samaki wote. Vika sponji au wavu mgumu mahali pa kunyonyea kabla hujamleta anemoni, wala usingoje ajali.

Anahama kwa sababu anatafuta mwanga au mkondo unaomfaa, au ufa wa kujificha mguu wake, yaani sehemu ya chini anayojishikizia. Msaidie kwa kupanga mawe yenye nyufa, kisha mwache achague. Akishika mahali pazuri anaweza kukaa hapo miezi mingi. Ukilazimika kabisa kumbandua, tumia ncha ya kidole au kadi laini ya plastiki, taratibu kuanzia ukingo wa mguu. Mguu ukichanika, jeraha huoza.

Watu huogopa pia wakimwona amesinyaa na kutoa uchafu wa kahawia mdomoni. Hiyo ni choo yake. Huwa anajikunja, anatema, kisha baada ya saa kadhaa anafunguka tena. Cha kuogopa ni mdomo uliobaki wazi na kulegea siku nzima, mguu usioshika chochote, na harufu ya kuoza. Huyo mtoe mara moja, halafu ubadilishe sehemu ya maji.

Anemoni wangu alikuwa kahawia, sasa amekuwa mweupe. Inapendeza, au ni ugonjwa?

Amepauka. Rangi ile ya kahawia ni ya mwani mdogo sana unaoishi ndani ya mwili wake na kumtengenezea chakula kwa nguvu ya mwanga. Akiupoteza, kwa joto kali, taa hafifu au maji mabovu, anaanza kufa njaa polepole. Rekebisha maji, ongeza mwanga kidogo kidogo na umlishe. Wengine hupona baada ya miezi. Dukani usinunue mweupe pee, wala wa manjano au waridi anayeng'aa kupita kiasi, kwani kuna wanaopakwa rangi.

Nimlishe nini?

Kipande cha kamba au samaki mbichi asiye na viungo, kisichozidi upana wa mdomo wake, mara moja au mbili kwa wiki. Kipande kikubwa hutemwa.

Anemoni huishi miaka mingapi?

Mingi. Mwaka 1828 John Graham Dalyell, mtaalamu wa viumbe wa Uskoti, alimwokota anemoni mmoja kwenye pwani ya Uskoti akamweka kwenye chombo cha kioo. Dalyell alifariki mwaka 1851, anemoni akaendelea kutunzwa na wengine hadi 1887. Huyo alikuwa wa maji baridi ya kaskazini, si wa klauni, lakini fikiria mapema nani atakurithi.

Klauni wangu wawili wanapigana. Nimepewa madume wawili?

Klauni wote huanza wakiwa madume. Mkubwa na mkali kuliko wote ndiye anayegeuka jike, na jike akifa, dume lake hushika nafasi hiyo. Nunua mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Mdogo akitetemeka mwili mzima mbele ya mwenzake, amesalimu amri na ugomvi umekwisha. Wakilingana, hupigana hadi mmoja ashindwe, na ikibidi uwatenge.

Klauni ana madoa meupe. Naweza kutia dawa ya shaba kwenye tangi?

Usitie. Shaba humuua anemoni, na hunasa kwenye mawe na mchanga ikaendelea kutoka baadaye. Mhamishie samaki kwenye tangi tupu la matibabu, umtibu huko.