Barua kwa mwanangu: ule mstari mweusi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama p53, jeni iliyochunguzwa sana kwenye saratani, imeshachakaa, na kama uichukue kwa tasnifu yako ya uzamivu au utafute jeni ambayo wenzako hawajaimaliza. Nitakujibu, ila kwanza nikupe habari ya ile filamu ya maabara, ile picha inayoonyesha protini kama mistari, maana wewe umeisikia kwa mama yako tu.

Ilikuwa 1987. Nilipanga sampuli za seli za kawaida na za saratani ubavu kwa ubavu, nikapima protini inayotengenezwa na jeni hiyo, nayo huitwa p53. Upande wa seli za kawaida, p53 huioni hata ukitoa macho. Upande wa saratani, mstari mweusi tii, mnene kama wino uliomwagika. Nikasimama mbele ya idara nzima nikatangaza: mwizi huyu hapa, tumemkuta na mali. Usinicheke. Tangu igunduliwe 1979, karibu kila mtu aliamini kwamba p53 ndiyo inayochochea seli kugawanyika ovyo.

Mwanafunzi mmoja wa uzamili akanyoosha mkono kule nyuma. "Samahani, na kama imerundikana kwa sababu imeharibika?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuwashinda wote. Yaliyofuata unayajua, maana bila hayo usingezaliwa.

Ikaja 1989. Kumbe jeni tuliyokuwa tukipitishiana maabara hii na ile ilikuwa na kasoro tayari. Iliyo nzima kazi yake ni kuzuia: DNA ikikatika, inasimamisha mgawanyiko mpaka pakarabatiwe, na ikishindikana inaiamuru seli ijiue. Miaka kumi tulikuwa tumemfunga mlinzi kwa kosa la wizi.

Na ule wingi? Kwenye seli yenye afya p53 huishi kama dakika 20 tu. Yenyewe huwasha jeni ya MDM2, na protini ya MDM2 ndiyo inayoibandika p53 alama ya kwenda kusagwa. Iliyoharibika haiwashi kitu, basi hakuna wa kuiondoa, inajazana. Mama yako alilinusa hilo kabla mtu yeyote hajaihusisha MDM2 na p53. Ndiyo maana nakuambia kila siku: kilicho kingi si lazima ndicho kinachotenda.

Ingawa, ngoja. Protini hii hufanya kazi kwa makundi ya nne nne, na mmoja mbovu akiingia anawaharibia wenzake. Tena kuna p53 zilizoharibika ambazo hazikai bure. Huokota tabia mpya na kuisaidia saratani kusambaa. Kwa hiyo mwizi alikuwapo kidogo, au siyo? Nilimweleza mama yako hoja hii. Aliendelea kukunja nguo, kisha akauliza kama nimemaliza.

Haya, tasnifu yako. Hapa nimeandika sentensi moja nikaifuta mara mbili. Jeni inayoharibika katika karibu nusu ya saratani za binadamu mtu anaiitaje iliyochakaa? Lakini sisemi kitu. Utakayekesha maabara ni wewe, na mama yako amenikataza kukuamulia. Anasema uchague unachotaka, ila siku ya kukitetea yeye atakuja, na atakaa kule nyuma.

Baba yako