Re: Kisigino kinauma asubuhi nikiamka, nifanyeje?
Pole dada. Kisigino kuuma ukikanyaga tu asubuhi, kisha kuachia ukishatembea kidogo, mara nyingi chanzo ni ule utando mnene wa chini ya unyayo, unaotoka kisiginoni hadi vidoleni. Usiku hukakamaa, hatua ya kwanza ikauvuta ghafla.

Kabla hujashuka kitandani, pitisha kanga chini ya vidole uvute kuelekea kwako sekunde 30, mara tatu. Jioni bingirisha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda, dakika 10 hivi. Na ndala bapa kwenye sakafu ya vigae, achana nazo kabisa! Sindano usiikimbilie, wengi hupona bila hiyo, ingawa huchukua miezi. Ukipata ganzi, uvimbe au homa, muone daktari.