Misalaba yangu ya udongo inapasuka, na kidani kimerudishwa

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mfinyanzi, naishi Kiboriloni, Moshi. Natengeneza vidani na herini za udongo kwa maumbo ya misalaba ya sehemu mbalimbali: wa Ethiopia, wa Agadez kule Niger, wa Ireland wenye duara, na ankh ya Misri. Nawauzia wageni Arusha na akina mama wa hapa nyumbani. Shida zangu ni mbili. Mikono inapasuka pale inapokutana, na wa Agadez ndio unaonitesa zaidi. Halafu mama mmoja wa jumuiya yetu alinunua ankh, juzi kanirudishia akisema nimemuuzia kitu cha kipagani. Je, nimemkosea?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na nyufa, maana hizo zinakula mtaji.

Udongo ukikauka unasinyaa. Ncha za mikono ni nyembamba, zinatangulia kukauka wakati katikati bado kuna maji, na mvutano wote unaangukia kwenye pembe ya ndani. Ukiikata pembe hiyo ikawa kali, ufa umeshapata njia. Kabla ya kukata, chukua mrija wa soda utoboe tundu kwenye kila pembe ya ndani, zote nne. Kisha kata kwa kisu ukitokea nje, uishie kwenye tundu. Pembe itabaki mviringo. Ipitishie kidole chenye maji. Msalaba mzima utoke kwenye bamba moja la udongo, usiungeunge mikono. Ukaushe polepole kati ya vibao viwili vyenye gazeti, hasa miezi ya joto.

Tanurini, moto uwe mdogo mpaka mvuke uishe. Ukifika karibu na nyuzi 573 za sentigredi, chembe za kwazi (madini magumu kama ya mchanga) zilizomo kwenye udongo hutanuka ghafla, na wakati wa kupoa husinyaa tena papo hapo. Hapo usiharakishe, kwenda wala kurudi. Na tafadhali usifungue tanuri la moto kuchungulia!

Sasa Agadez. Umbo lile ni la wahunzi wa Kituareg wa Niger, nao wanatumia madini ya fedha: wanachonga nta, wanaifunika kwa udongo, wanaichoma nta iyeyuke itoke, ndipo wanamimina madini. Fedha inavumilia ncha kali, udongo hauvumilii. Nenepesha ncha na pete ya juu, la sivyo uache. Wa Ireland, kinyume chake, utakupa raha, maana lile duara linaishikilia mikono yote minne. Na ongeza mmoja wa jirani zetu: msalaba wa shaba wa Katanga, kule Kongo. Ulikuwa fedha ya kununulia vitu, umekaa kama herufi X, mikono minene, hauna urembo mwingi. Mimi naupenda sana, na udongo unaukubali.

Kuhusu yule mama, ana haki yake. Ankh ilikuwa alama ya uhai kwa Wamisri wa kale, mikononi mwa miungu yao, maelfu ya miaka kabla ya Kristo. Lakini Wakristo wa Misri, Wakopti, waliichukua wakaifanya msalaba wao, na imo katika sanaa ya kanisa lao la zamani. Yote mawili ni kweli, na alistahili kuyasikia kabla hajatoa hela. Mrudishie fedha yake, au mbadilishie kwa wa Ethiopia ambao ni wa kanisa moja kwa moja. Makuhani wa Lalibela wanaubeba mpaka leo. Usibishane naye.

Kuanzia sasa kila kidani kiwe na kikaratasi: umbo ni la nani, wa wapi, walilitumia kwa lipi. Watuareg ni Waislamu, kwa hiyo usimwambie mteja kwamba Agadez ni msalaba wa kanisa. Wa Katanga andika kwamba ulikuwa fedha ya kununulia vitu. Mteja Mwislamu akitaka kuvaa wa Agadez, muuzie kwa moyo mweupe. Kazi za watu tunazinakili, basi angalau tuwataje wenyewe.

Tundu la kupitishia uzi litoboe kubwa kuliko unavyotaka, kwa kuwa litasinyaa pamoja na udongo. Herini zijaribu sikioni mwako kutwa nzima kabla ya kuuza, uone kama uzito wake unavumilika.