Maswali ya Wasomaji: Altrasaundi ya Ini na Nyongo

SWALI: Shikamoo daktari. Niliandikiwa altrasaundi ya tumbo, nikaambiwa nisile kitu tangu usiku. Asubuhi nilikunywa maziwa kikombe kimoja tu, nikarudishwa nyumbani. Maziwa yanaharibu nini?

JIBU: Marahaba. Maziwa yana mafuta, na mafuta ndiyo yanayoukamua mfuko wa nyongo.

Ini hutengeneza nyongo mchana na usiku, kiasi cha mililita 600 hadi 1,000 kwa siku. Usipokula, mlango wa mrija wa nyongo unaoingia utumbo mwembamba hubana, nyongo ikapanda na kuhifadhiwa kwenye mfuko ulio chini ya ini. Mfuko huo una urefu wa sentimita 7 hadi 10 na huchukua mililita 30 hadi 50 tu. Unatosha kwa sababu humo maji hufyonzwa, nyongo ikabaki nzito. Mafuta yakishafika utumboni, homoni iitwayo kolesistokinini huuamuru mfuko ujiminye.

Sasa fikiria picha. Mawimbi ya sauti hupita kwenye majimaji bila kurudi, kwa hiyo mfuko uliojaa huonekana mweusi, na ukuta wake hauzidi milimita 3. Mfuko uliokamuliwa hujikunja, ukuta ukaonekana mnene kama wenye uvimbe, na kijiwe kidogo cha nyongo kikapotea kwenye mikunjo. Ndiyo maana tunataka ufunge kwa saa 6 hadi 8. Maji kidogo ya kumezea dawa kwa kawaida hayana neno. Anayejidunga insulini aulize mapema kuhusu dozi yake na aombe kuwa wa kwanza asubuhi.

Ukiambiwa vuta pumzi uizuie, izuie kweli: kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) hulisukuma ini litoke chini ya mbavu, maana mbavu huzuia mawimbi. Ukiambiwa ulalie ubavu wa kushoto, geuka hata kama unaumwa. Jiwe hung'aa, huacha kivuli cheusi nyuma yake, na huviringika unapogeuka. Polipu, yaani kinyama kilichoota ukutani mwa mfuko, hubaki ilipoota na haina kivuli. Jiwe lisilohama kwa sababu limenasa shingoni mwa mfuko ndilo la kuogopa zaidi, kwani huzuia nyongo kutoka na mfuko ukavimba.

SWALI: CT (picha za eksirei za kompyuta) ilisema sina mawe, altrasaundi ikaonyesha mawe matatu. Niamini ipi?

JIBU: Kwa mfuko wenyewe, amini altrasaundi. Mawe mengi ni ya kolesteroli, na kwenye CT huweza kuwa na rangi ileile ya nyongo iliyoyazunguka, yasionekane kabisa. Lakini altrasaundi nayo ina udhaifu wake: sehemu ya chini ya mrija mkuu wa nyongo, karibu na kongosho, hufunikwa na gesi ya utumbo. Mrija ukizidi milimita 6 kwa upana na macho yakiwa ya manjano, tunashuku jiwe limeshuka humo, na kipimo kinachofaa ni MRI (picha ya mashine ya sumaku) ya mirija ya nyongo. (Mrija hutanuka kidogo uzeeni, na pia kwa aliyekwisha kutolewa mfuko, hivyo upana huo hausomwi peke yake.)

Homa, macho ya manjano na maumivu chini ya mbavu za kulia vikija pamoja, nenda hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Ripoti yangu inasema ini "linang'aa kuliko figo". Maana yake nini?

JIBU: Ini lenye afya na figo ya kulia iliyo jirani yake hukaribiana rangi kwenye picha. Matone ya mafuta ndani ya seli za ini hutawanya mawimbi, ini likaonekana jeupe zaidi. Kwa hiyo ripoti inadokeza ini lenye mafuta. Haisemi kama limeanza kupata makovu, na hilo ndilo swali la kumuuliza daktari wako: omba vipimo vya damu vya ini, na panapopatikana, kipimo cha ugumu wa ini.