Rasimu Iliyofutwafutwa
Swali: Ndugu Mhariri, kwa nini rasimu ya Yan Zhenqing, iliyojaa maneno yaliyokatwa, inatukuzwa katika sanaa ya mwandiko ya Kichina?

Jibu: Yan, afisa wa nasaba ya Tang, aliiandika mwaka 758 kumwomboleza Yan Jiming, mwana wa binamu yake, aliyeuawa katika uasi wa jenerali An Lushan dhidi ya nasaba hiyo na ambaye ni kichwa chake tu kilichopatikana. Mwandiko huanza kwa utulivu, lakini kadiri uchungu unavyozidi brashi huenda mbio, wino hukauka na maneno hufutwa. Hakukusudia itazamwe, na kwangu mimi hapo ndipo penye thamani yake. Tofauti na kazi mashuhuri ya mwaka 353 ya Wang Xizhi, bingwa mwingine wa sanaa hii, iliyobaki kwa nakala tu, rasimu hii halisi imehifadhiwa Taipei.