Maswali ya Wasomaji: Seiffen, kijiji ambako wanyama hutoka ndani ya pete

Tulipogusia vichezeo vya mbao vya Seiffen, kijiji cha Ujerumani chenye watu wapatao 2,000 katika milima ya Erzgebirge karibu na mpaka wa Cheki, barua zilimiminika. Tumechagua hizi tano.

Nasikia Seiffen palikuwa na mgodi. Vichezeo vilitoka wapi?

Jina lenyewe linaeleza: linatokana na kazi ya kuosha mchanga wa kijito ili kupata madini ya bati. Kijiji kinatajwa kwenye maandishi tangu 1324. Bati lilipozidi kuadimika, wachimbaji waligeukia msitu uliowazunguka, na nguvu ya maji iliyozoeleka mgodini ikazungusha makerezo, mashine zinazozungusha mbao ili fundi aichonge kwa patasi. Mgodi ulipofungwa mwaka 1849, kijiji kilikuwa tayari kinakula kwa kukereza. Lakini kilikula kwa shida. Bei ilipangwa na mfanyabiashara, na ili mkate upatikane, mama na watoto nao walikaa mezani kuchonga na kupaka rangi. Anayevisifia vichezeo hivi amkumbuke na mtoto huyo.

Mnyama anatokaje ndani ya pete? Nimeona picha, sikuelewa.

Ndiyo kazi tunayoistahi kuliko zote za kijiji hiki. Wenyewe huiita Reifendrehen, yaani kukereza pete, na ilishika mizizi huko karibu na mwaka 1800.

Huanza na gogo la Fichte, mti wa jamii ya misonobari, ulionyooka. Gogo hukatwa vipande vya mviringo kama magurudumu, kwenye sehemu isiyo na macho ya matawi. Vipande huwekwa majini, maana mbao ikikauka hupasuka kutoka kwenye moyo wake, na patasi huichana badala ya kuikata. Ikiwa mbichi, maganda hutoka marefu na laini.

Gurudumu hufungwa kwenye kerezo. Upande wa kwanza fundi huchimba mifereji ya tumbo na miguu, kisha huligeuza na kukereza mgongo na kichwa. Hapo ndipo ugumu ulipo: muda wote huo hamwoni mnyama. Anachokiona ni mbao yenye matuta na mabonde, na umbo la farasi au ng'ombe liko kichwani mwake tu. Mifereji ya upande wa pili isipolingana na ya kwanza hata kidogo, pete nzima ina mnyama mwenye shingo nyembamba au mgongo uliobonyea, na hakuna cha kurekebisha.

Pete ikikatwa na kutoka, hupasuliwa kwa kisu na nyundo kuelekea katikati, kama mtu anavyokata keki. Kila kipande ni mnyama yule yule. Pete moja huweza kutoa wanyama 40 hadi 60. Jicho la tawi likiwamo, mpasuo hupinda na kuharibu wanyama kadhaa kwa mpigo. Kinachofuata ni kisu cha mkono: kutenganisha mguu wa kushoto na wa kulia, kulainisha kona, kubandika masikio, pembe na mkia, kisha rangi.

Kwa nini madirisha ya huko huwaka taa kila nyumba wakati wa Majilio, wiki za kabla ya Krismasi?

Mchimbaji wa majira ya baridi aliingia chini ya ardhi kabla ya kucha na kutoka jua limezama. Mwanga ulikuwa kitu cha kutamaniwa. Tao la mishumaa liitwalo Schwibbogen, ambalo la zamani zaidi linalojulikana ni la chuma, la mwaka 1740, kutoka Johanngeorgenstadt katika milima hiyo hiyo, leo hukaa karibu kila dirisha. Pembeni yake husimama sanamu za malaika na mchimba madini zilizobeba mishumaa. Kwa desturi ya zamani, malaika mmoja ni wa binti mmoja, mchimbaji mmoja ni wa mtoto mmoja wa kiume. Mpita njia aliweza kuhesabu watoto wa nyumba bila kubisha hodi.

Nina piramidi ya Krismasi hapa Hamburg. Nawasha mishumaa, haizunguki. Nimeiweka dirishani, juu ya hita. Kosa nini?

Kosa la kwanza ni mahali. Piramidi hii ni mnara wa mbao wenye sanamu: hewa ya moto ya mishumaa hupanda na kusukuma mapanga ya juu, yaani mabawa bapa yanayouzungusha mhimili wake. Hewa ya hita na upepo wa dirishani huivuruga. Ihamishe hadi kwenye meza iliyo sawa, mbali na mlango.

Kisha angalia mapanga. Yote yainame upande mmoja, takriban nyuzi 45, na yalingane. Moja likigeuka kinyume, linawapinga wenzake. Ng'oa mhimili taratibu utazame ncha yake ya chini: ni sindano inayosimama ndani ya kikombe kidogo, mara nyingi cha kioo. Vumbi au nta kidogo hapo yatosha kuisimamisha. Futa kwa kitambaa kikavu. Ncha ikiwa imekuwa butu, inolewe.

Mwisho, mishumaa. Piramidi nyingi za mezani hutumia yenye kipenyo cha milimita 14 au 17. Usiweke minene kuliko vishikio ukidhani itaongeza nguvu, itaunguza mapanga. Na usitoke chumbani ikiwa inawaka.

Nitajuaje kuwa farasi niliyeuziwa ametoka kwenye pete kweli?

Mtazame kutoka juu. Upande wa nje wa pete ni mpana kuliko wa ndani, kwa hiyo mwili wake huwa mnene ncha moja na kupungua kuelekea nyingine, hata baada ya kisu kupita. Kisha mgeuze tumboni, pasipo na rangi: mistari ya umri wa mti itakuwa inakatiza mwili, ubavu hadi ubavu, na nyuzi za mbao zitashuka wima hadi kwato. Ndiyo maana miguu hiyo myembamba haivunjiki upesi. Mistari ikikimbia kutoka kichwani hadi mkiani, huyo amekatwa kwa msumeno kutoka kwenye ubao.